Natoka Misani nimekunja uso: jibu kwa mama mwekahazina wa jumuiya

Swali: "Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa nne niko mwekahazina wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Naimba kwaya, nipo kwenye kamati ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), Misa ya Jumapili sikosi, na rozari nasali kila usiku na wanangu. Lakini furaha sina. Jumapili iliyopita binti yangu wa darasa la tatu aliniuliza, 'Mama, mbona ukitoka kanisani unakuwa mkali?' Nilikosa jibu. Siku hizi nikikutana na mwanajumuiya njiani, kabla sijamwona yeye naliona deni lake la michango. Jirani yangu anasali kanisa la uamsho, anarudi akiimba, na ananiambia Ukatoliki wetu ni wa makaratasi. Nimeanza kuwaza labda imani yangu ni mazoea tu, na nimefikiria kuacha kila kitu. Nifanyeje niishi imani yangu kwa furaha katika maisha haya ya kila siku?"

Milele amina, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa na kila mara nimekwama palepale: "kabla sijamwona yeye naliona deni lake." Nimefundisha dini zaidi ya miaka 25, vigangoni na parokiani, na watu wengi wamenilalamikia ukavu wa sala. Wewe ugonjwa umeutaja kwa jina lake, ila ukadhani unataja kero ya kawaida tu. Nitaurudia. Kwanza nikuondolee hofu ya mazoea: mazoea hayamuumi mtu, na wewe inakuuma. Aliyebaki na mazoea matupu angeulizwa na mtoto swali kama lile angemwambia anyamaze akalale. Wewe ukalichukua, ukalala nalo, ukaniandikia.

Jirani yako akirudi akiimba, mshukuru Mungu kwa ajili yake. Usimwonee wivu, wala usimbeze. Ila Kiswahili chetu kina raha, kina shangwe na kina furaha, na tukiyachanganya hayo matatu tunajitesa bure. Raha mtu huitafuta akaipata: kiti cha kivulini, chai ya tangawizi. Shangwe huja na ngoma na watu wengi, na ni kitu chema, hata Zaburi zimejaa shangwe. Furaha anayoisema Mtakatifu Paulo kwa Wagalatia, sura ya 5, ameiita tunda la Roho, na ameitaja baada tu ya upendo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alilichukua neno hilo kwa uzito wake wote. Alifundisha kwamba furaha si fadhila ya pekee ambayo mtu anaweza kuifanyia mazoezi kama uvumilivu au kiasi. Furaha inazaliwa na upendo. Hata uutingishe vipi mwembe mwezi wa tano, embe halidondoki. Kwa hiyo ushauri wa aina ya "jitahidi kufurahi, Mkristo hatakiwi kununa" sikupi, kwa sababu umeshajitahidi vya kutosha na ndiko ulikochokea. Nataka tutazame shina.

Rudi kwenye barua yako uhesabu ulivyovitaja. Unaimba, unakusanya, umo kwenye kamati, hukosi, unasalisha watoto. Vyote ni vitu unavyotoa. Hakuna mstari hata mmoja unaosema umepokea kitu. Na imani yetu imeanzia kwenye kupokea: tulibatizwa wengi wetu tukiwa tumelala mgongoni, hatujui hata jina letu. Yohane katika barua yake ya kwanza anasema sisi tunapenda kwa sababu Mungu alitupenda kwanza. Neno "kwanza" ndilo limekupotea, dada yangu.

Nikusimulie jambo. Kwenye kigango nilichokuwa nikihudumia kulikuwa na bibi mmoja ambaye miguu ilimgomea, akawa wa kitandani. Nilikuwa nimeruhusiwa kumpelekea Komunyo Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Nilizoea kumkuta amejiandaa: kigoda kando ya kitanda, juu yake kitambaa cheupe cha kufuma na mshumaa. Nikafikiri mjukuu wake anakipiga pasi. Siku moja nilimkuta ndiyo kwanza anakitoa, nikaona anakivuta kutoka chini ya godoro. Alikuwa anakilaza pale tangu Jumatano ili kijinyooshe kwa uzito wa mwili wake, maana pasi hakuwa nayo. Siku mbili nzima amemlalia Bwana kitambaa chake. Kabla sijafungua kitabu alikuwa ananiuliza, "Mwalimu, amekuja?" Namjibu, "Amekuja, bibi." Hapo uso wake ulikuwa unabadilika, na mimi niliyetembea kilomita saba huku nikiwaza vikao nilikuwa naona haya.

Bibi yule hakuwa na cheo wala bahasha ya michango. Hakuweza kumfanyia Mungu lolote zaidi ya kumngojea na kumpokea, na katika kigango kizima sikuona mtu mwenye furaha kama yeye. Sisemi uache utume ukalale kitandani. Nasema Misa unayokwenda kila Jumapili umeigeuza zamu ya kazi. Unaingia ukiwa na karatasi za nyimbo, unamtafuta kwa macho aliyeahidi kulipa leo, na baada ya Komunyo, dakika zile ambazo kitambaa kingekuwa kimeshatandikwa, unawaza wimbo wa kushukuru utaanzia sauti gani. Ningekuomba jambo dogo sana: Jumapili moja kwa mwezi, mwombe kiongozi wa kwaya ukae kwenye benchi na wanao kama muumini tu. Sikiliza wengine wakiimba. Pokea Komunyo, rudi, kaa, usifanye kitu. Kama kuna neno moja la masomo limekugusa, lishike hilo hilo, usitafute la pili.

Sasa Jumapili yenyewe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1247, inataka waamini washiriki Misa, na inaendelea kusema wajiepushe na kazi na shughuli zinazozuia mambo matatu: ibada inayompasa Mungu, furaha iliyo ya siku ya Bwana, na mapumziko yanayofaa ya roho na mwili. Ona, furaha imo kwenye sheria! Tumewafundisha watu miaka na miaka kwamba kukosa Misa bila sababu ni dhambi, na tumefanya vizuri, lakini sehemu hii ya pili ya kanuni ileile tumeiacha kabatini. Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika waraka mzima juu ya siku ya Bwana mwaka 1998, na bado Jumapili za mama zetu wengi ndizo siku ngumu kuliko zote za wiki. Naikisia yako: Misa ya kwanza saa 12, halafu kikao, halafu mazoezi ya kwaya, kisha mbio nyumbani kuwasha jiko, kufua sare, kukagua madaftari, na saa mbili usiku umesimama unapiga pasi. Mtoto anakuona "ukitoka kanisani" kwa sababu pale mlangoni ndipo mbio zinapoanzia. Ukali wenyewe si wa Misa.

Sare zifuliwe Jumamosi, na mwenye sare azifue mwenyewe, darasa la tatu anaweza. Chakula cha Jumapili kiwe chepesi, au viungo viandaliwe jana yake. Kama una dada wa kazi, naye ana Jumapili yake, na Katekisimu inatukataza kuwabebesha wengine kazi zisizo za lazima zinazowazuia kuiadhimisha siku hiyo. Kikao cha baada ya Misa kipewe saa ya kuisha, ikifika unaaga. Utaona aibu mara ya kwanza. Mara ya tatu wenzako wataanza kuaga pamoja nawe, nimeliona hilo mara nyingi. Kisha kuwe na saa mbili mchana ambazo hakuna mtu nyumbani mwako mwenye kazi ya kufanya. Kaeni tu, mle karanga, msimulizane. Hiyo nayo ni ibada ya Jumapili, wala usiione ni uvivu.

Nirudi kwenye deni. Hapa nina neno kali kidogo, na silielekezi kwako peke yako. Mwaka 1976, maaskofu wa nchi zetu walipokutana Nairobi katika mkutano mkuu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walifanya ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Walitaka Kanisa liwe mahali watu wanapofahamiana kwa majina, wanapogawana Neno na kubebeana mizigo. Mimi nimekulia humo, nazipenda jumuiya kuliko utume mwingine wowote. Ndiyo maana inaniuma nikikaa kwenye jumuiya ambamo Injili inasomwa kwa dakika tano, tafakari inatolewa na mtu mmoja kwa haraka, kisha saa nzima inakwenda kwenye michango: ujenzi, bahasha, kumpongeza fulani, nyumba ya mapadre, sare za sherehe. Michango ni ya haki, Kanisa haliendeshwi kwa hewa. Ila mtu maskini akiona kwamba jina lake linasomwa jumuiyani pale tu anapodaiwa, ataacha kuja, na sisi tutaandika kwenye taarifa kwamba imani yake imepoa.

Na mwekahazina anaumia zaidi ya wote, kwa sababu daftari linamfundisha macho. Lilinipata nami, ingawa la kwangu lilikuwa la mahudhurio. Mwaka mmoja nilikuwa naandaa watoto wa kipaimara, nikawa mkali wa kalamu nyekundu. Mvulana mmoja alikosa mafundisho mara tatu, nikamwita mbele ya wenzake nimsomee makosa yake. Hakujibu, alitazama miguu yake tu. Baadaye shangazi yake aliniambia mama yake alikuwa amelazwa wiki zote tatu, na yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Nilimfuata nyumbani kumwomba msamaha. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, na ule wema wake uliniuma kuliko kama angenikasirikia. Tangu siku hiyo niliandika juu ya jalada la daftari, kwa kalamu ileile nyekundu: "Uliza kwanza anaendeleaje."

Wewe una uwezo ambao mwanajumuiya wa kawaida hana. Mwombe mwenyekiti ajenda ya michango iwe ya mwisho, iwe ya dakika kumi, na madeni yasisomwe kwa majina. Soma 2 Wakorintho 9:7 siku moja kabla ya kukusanya: kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu." Paulo alikuwa anachangisha fedha alipoandika maneno hayo, alikuwa anawakusanyia maskini wa Yerusalemu. Mwekahazina mwenzako huyo. Kisha wewe binafsi, chagua kila wiki mtu mmoja kati ya walio na deni, umtembelee bila daftari. Usilitaje deni. Akilitaja yeye, mwambie leo umekuja kumwona yeye. Nakuhakikishia utarudi nyumbani na uso mwingine, na hutahitaji mtu akueleze kwa nini.

Kama katika miaka hii minne kuna mtu umemkasirikia hadi ukaanza kumkwepa, peleka hilo kwenye Kitubio, tena ulisema kwa jina lake, si kwa "nimekasirika mara kadhaa". Wengi wanaotafuta furaha wanapita kwenye kiti cha maungamo bila kusimama, na katika Luka 15 karamu inaanza hasa pale mwana anapofika na aibu yake.

Umeniambia umefikiria kuacha kila kitu. Wazo hilo lina historia ndefu, na ukiijua litakupunguzia uzito. Wamonaki wa jangwa la Misri katika karne ya 4 walilifahamu sana. Evagrio wa Ponto, aliyeishi miongoni mwao na kufariki mwaka 399, aliliita pepo wa adhuhuri, kwa kufuata ile Zaburi ya 91 inayotaja uele uharibuo adhuhuri. Anaeleza linavyomjia mmonaki mchana: jua linaonekana limesimama, siku inakuwa kama ina saa 50. Anatoka chumbani, anatazama jua, imebaki muda gani ifike saa tisa apate chakula. (Ni saa tisa ileile yetu. Sisi Waswahili tunahesabu mchana kama walivyohesabu watu wa Biblia, tangu jua linapochomoza, na ndiyo saa aliyokufa Bwana.) Halafu anaanza kuchukia mahali alipo, kazi ya mikono yake, na ndugu anaoishi nao: hawapendani, hakuna hata wa kumfariji. Mwisho anaona mahali pengine ambako kumpendeza Mungu kungekuwa rahisi zaidi. Jumuiya nyingine, kwaya nyingine, kanisa la jirani. Umejiona humo?

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, kwenye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, ametoa kanuni inayofaa kuandikwa ukutani: wakati wa ukiwa, yaani moyo unapokuwa mkavu na mzito, usibadili uamuzi uliofanya ulipokuwa katika utulivu. Anaongeza jambo la pili ambalo watu hawalisemi mara nyingi: kama umepanga kusali saa moja na unatamani kukatisha, kaa kidogo kupita ile saa. Kwako saa moja ni nyingi. Panga dakika kumi za alfajiri kabla watoto hawajaamka, na siku unayotamani kukatisha ukae dakika ya kumi na moja.

Lakini tusichanganye. Kuacha imani au kuhama kanisa kwa sababu ya uchungu ni jambo moja. Kukabidhi daftari baada ya miaka minne ni jambo lingine, na ni haki yako kabisa. Usikabidhi ukiwa na hasira. Pumzika kwanza kama nilivyoeleza, mweleze paroko ukiwa umetulia, kisha toka kwa heshima uchaguzi ukifika. Utume usiokuwa na mapumziko haumsaidii mtu yeyote, na ukweli ni kwamba kuna dada mwingine kwenye jumuiya yenu ambaye hajawahi kuombwa kufanya lolote.

Uchovu nao nauchukulia kwa uzito, kwa sababu Thoma wa Akwino aliuchukulia hivyo. Katika kitabu chake kikubwa cha teolojia aliuliza huzuni inatibiwa na nini, akataja dawa tano. Kitu chochote chema kinachokupa raha. Machozi, maana maumivu yaliyofungiwa ndani huuma zaidi. Huruma ya marafiki, kwa sababu mtu akiona wengine wanahuzunika naye mzigo unakuwa kama umebebwa na wengi, tena anatambua kwamba anapendwa. Kuutafakari ukweli. Na ya tano, kulala na kuoga. Ndiyo, mwalimu wa Kanisa, mtu wa vitabu na sala, ameandika kwamba usingizi na maji ya kuoga huirudisha hali ya mwili mahali pake na huzuni ikapungua. Nimewasomea kina mama hili kwenye mafungo, na wapo waliolia, kwa vile hakuna mtu wa Kanisa aliyewahi kuwaambia kwamba Mungu anajali kama wamelala. Kwa hiyo usiku wa leo, rozari na wanao iwe fungu moja badala ya matano. Watoto watasali wakiwa macho. Nawe uoge maji ya moto, ulale kabla ya saa nne.

Kama usingizi wenyewe umekukimbia kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, unalia bila sababu unayoijua, au umewahi kuwaza ni heri usingekuwepo, nenda hospitali ukawaone wanaotibu sonona. Usingoje novena iishe. Sonona ni ugonjwa kama malaria, haipimi imani ya mtu, na kwenda kwa daktari hakupunguzi sala hata moja.

Fungu hilo moja, ukilisali Jumatatu au Jumamosi, ni katika matendo ya furaha. Yatazame vizuri. La kwanza msichana Maria anapashwa habari na anafadhaika, hadi malaika amwambie usiogope. La pili anasafiri hadi milimani, na ni kwenye kumtembelea Elizabeti, mjamzito mwenzake, ndipo wimbo unapomtoka. La tatu anajifungua mtoto na kumlaza horini, penye malisho ya mifugo. La nne mzee Simeoni anamtabiria upanga utakaoingia moyoni mwake. La tano mtoto anapotea, anatafutwa siku tatu, akipatikana anatoa jibu ambalo wazazi wake hawakulielewa. Hayo ndiyo Kanisa limeyaita matendo ya furaha! Aliyeyapanga hivyo alijua nyumba za watu zilivyo. Kila mojawapo lina wasiwasi ndani yake, na katika kila mojawapo Mungu yumo chumbani.

Wahubiri wetu wanapenda kunukuu wosia wa kitume wa Papa Fransisko wa Novemba 2013, Evangelii Gaudium, pale aliposema wapo Wakristo ambao maisha yao yanafanana na Kwaresima isiyo na Pasaka. Huenda umelisikia ukajisikia kuhukumiwa. Mara nyingi wanaishia hapo, na papo hapo Papa anaendelea: anatambua kwamba furaha haionekani kwa namna moja nyakati zote, hasa katika shida kubwa. Inabadilika kulingana na hali, ila inabaki, hata kama ni mwali mdogo tu unaotokana na kujua kwamba, mambo yote yakishasemwa, sisi tunapendwa bila kipimo. Naye anasema anawaelewa walio katika uchungu mzito, kwao furaha ya imani inafufuka polepole, kama tumaini lililo kimya lakini imara.

Ukitaka kuona uso wa maneno hayo mtazame Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur kama mwaka 1869, akatekwa angali mtoto, akauzwa mara tano kwenye masoko ya Sudan. Mwili wake ulibaki na makovu 144 ya mateso ya mabwana zake. Alibatizwa Venice tarehe 9 Januari 1890, akawa mtawa, akaishi miaka mingi katika mji mdogo wa Schio akipika, akifuma na kufungua mlango wa utawa. Watu wa mji walimpenda kwa upole wake na tabasamu lake. Alisema angekutana na waliomteka angepiga magoti awabusu mikono, kwa sababu bila yale yaliyompata asingekuwa Mkristo. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa mwaka 2007 juu ya matumaini, anaeleza siri yake: alitambua kwamba anapendwa moja kwa moja, na kwamba lolote litakalompata, Upendo huo unamngojea. Na hata hivyo, alipokuwa akifa mwaka 1947, kumbukumbu za utumwa zilimrudia, akawa anamwomba muuguzi, "Nilegezee minyororo, ni mizito." Nakuandikia hili la mwisho makusudi. Furaha yake haikufuta kovu lolote. Iliishi nalo miaka 57 katika mwili mmoja.

Limebaki swali la binti yako, na sidhani ni vizuri mimi kulijibu. Mjibu wewe, usipitishe wiki. Mkiwa wawili, labda unamsuka, mwambie ukweli: mama alikuwa amechoka, na uchovu wake akawa anauleta kwenu, nisamehe. Watoto hawashtuki kusikia wazazi wakiomba msamaha kama tunavyodhani. Kisha muulize Jumapili hii baada ya Misa angependa mfanye nini pamoja. Kama ni kwenda kutazama bahari pale Coco Beach, nendeni. Kama ni kukaa kizingitini mkila miwa, kaeni. Daftari la jumuiya liache nyumbani, na kikao kikianza watakuona umeshavuka geti na mtoto mkononi.